Ile Jibu Yangu Kuhusu Gari ya Papa

Wiki iliyopita niliwaacha pale patron mwenye gari alimunyanganya Papa clé, ufunguo ya taxi, mbele ya parking nzima, ju moteur ilikufa mu mikono yake. Bamoja kati yenu baliniuliza ku njia ya masomo kama Papa alipata kazi ingine.

Alipata. Alipata ya muzuri kupita ile. Na mutu mwenye alikaribia kuiharibu si adui, si mulozi. Ni miye, mutoto yake, na neno moja. Leo nasema yote, hata ile kipande yenye nilimurukisha padiri mu confession.

Kwa mwenye anaingia leo: jina yangu ni Gentille, niko na miaka kumi na sita, nasoma cinquième. Papa yangu ni Isidore, shofere. Miaka makumi mbili na mbili anaendesha gari ya batu. Ya kwake hajakuwa nayo hata siku moja. Hata baiskeli yenye iko kwetu ni ya Mama. Mama ni Alphonsine, anauzisha samaki ya kukausha ya Mahagi-Port ku soko, na mu soko nzima sijaona mutu wa kumushinda kinywa.

Ile kinywa yake, miye sikuipata. Miye naona haya, na si haya ya kidogo. Mwalimu akiniita ku tableau, naandika jibu ya sawa, kisha narudi ku banc nikiangalia viatu yangu tu. Mutu akinipigia telefone, naiangalia mpaka inyamaze, kisha namutumia message: "Ulinipigia?" Nyumbani balikuwa banacheka. Habakujua ile haya itatufikisha wapi.

Sasa, ile kazi.

Siku tatu kisha Papa kupoteza taxi, Sista Patricia wa maternité, hospitali ya kuzalia, alimuita. Kwao kuko panneau ya jua ku mapaa yote, courant inabakia mpaka banapikia chai nayo. Kununua esanse ya gari iliwachokesha. Sista alisema anatafuta shofere mwenye gari ya courant, gari yake mwenyewe, ya kwenda kuchukua bamama ba mimba ku maposti ya afya ya inje ya mugini. Kuicharger ni kwao, bure. Kazi ni ya mwaka muzima. Lakini gari ionekane mbele ya mwisho ya mwezi. Bila hivyo, atachukua mutu mwingine.

Gari yake mwenyewe. Papa alirudia hayo maneno matatu mezani mpaka ugali ikapoa.

Mambo ya pesa tuiache. Akiba ya Papa na likelemba ya Mama, ile banachangiana na benzake ba soko, vyote pamoja, ilikuwa inaenea gari moja, hata ya mupya. Shida ilikuwa kujua gari gani.

Mu quartier yetu, mambo ya gari ni ya Papa Kasereka. Alikuwa na mbili za courant. Moja ilikuwa mu depot yake: ya occasion, yenye ilishatumika, rangi ya majivu, ilitoka Japon na ikapitia Kampala. Ya pili ilikuwa mu telefone yake.

Mu telefone ilikuwa muzuri sana. Ya mupya, ya Chine, nailo ingali ku viti. Ingefika kisha wiki tatu mu camion ya kuingilia Mahagi. Lakini mu ile camion nafasi ilibaki moja, na ilipashwa kusemwa mbele ya saa kumi na mbili ya magaribi ya siku ya Mungu. Papa aliacha avansi yake kwa Kasereka, na balipatana atasema kisha ni ya gari gani.

Nyumbani vita ikaanza.

Papa alikuwa upande ya occasion. Alisema gari ni kitu ya kugusa, picha hauwezi kuipiga teke ku pneu. Mama alikuwa upande ya mupya. Alisema maisha yake yote anavaa caguwa, nguo zenye bengine balishavaa, analalia mashuka ya caguwa, hata casserole yake ilishapikia bazungu mbele ya kumupikia yeye, na kwamba mara moja tu mbele ya kufa anapenda kutosha nailo ku kitu na mikono yake mwenyewe.

"Isidore, uko unaenda kuoa mujane, na binti iko."

"Mujane anajua kupika."

"Anapika na roho ya bwana yake ya kwanza."

Mama Tina, jirani yetu, alikuwa anasikilizia ku lupango, mu kiwanja ya nyumba, akishika mbavu. Ilikuwa hivyo asubui, ilikuwa hivyo magaribi. Miye nilikuwa naosha masahani na nakubali kila mutu. Papa akiniuliza, nasema Papa iko na haki. Mama akiniuliza, nasema Mama iko na haki. Na balikuwa nayo wote wawili.

Siku ya posho, jumamosi, tulienda kujaribu ile ya depot.

Mwenye kutuonyesha alikuwa Floribert, mutoto ya dada ya Kasereka. Alikaa Bulaya miaka kumi na mbili, alirudi mwaka jana. Anavaa viatu nyeupe mu vumbi ya Bunia, na anasema Swahili pole pole, sawa mutu anatosha mawe mu muchele.

Aliingia, alifinya kitu. Papa alisimama mbele, mikono nyuma, anangoja.

"Washa, mutoto yangu."

"Imekwisha kuwaka, Papa."

"Hapana, washa kabisa."

"Iko inawaka."

Papa aliinama, aliweka sikio ku capot. Alifunga macho. Miaka makumi mbili na mbili anasikilizaka moteur sawa docteur.

"Hii imekufa," alisema.

Floribert aliirudisha nyuma polepole. Papa alibakia ameinama pale pale, sikio ku hewa. Mama alipashwa kwenda kushika ukuta ju ya kicheko.

Sasa musikilize muzuri hii ya barre, ju yote inatokea hapo. Mbele ya usukani kuko mistari ya kuonyesha courant. Ile mistari njo barre. Gari ingali mupya, ukiicharger inajaa barre kumi na mbili. Hii yetu, hata uichargere usiku muzima, inafika nane na inasimama hapo, sawa mutu mwenye anasema ameshiba. Batiri inazeeka, Floribert alisema. Alisema kweli, hakuficha.

Papa alisema nane inaenea. Mama alisema tutaona, na alisema tuijaribu na uzito ya kazi. Alimuita Mama Tina, alimuita binamu yake mwenye anauza unga, aliingia yeye mwenyewe na kitunga ya samaki. Miye balinifinyia ku kona. Papa alishika usukani na tulipanda mupando ya Mudzipela.

Ku mwanzo ilikuwa furaha. Hakuna sauti, hakuna moshi. Mbuzi habakutoka mu njia ju habakutusikia. Muzee moja mwenye baiskeli aligeuka akatuona karibu na bega yake na akatusalimia sawa mutu anasalimia mizimu.

Kisha barre ikaanza kushuka. Nane. Saba. Ku kona ya pili, sita. Papa alizima redio. Alizima hewa. Alituomba tuzime taa, na ilikuwa saa nne ya asubui. Pale tulifika juu ilikuwa inabakia tano, na jasho ya Papa ilikuwa inatiririka kuliko ya siku ile moteur ilikufa.

Nyumbani alikaa ku kiti, alivua kofia.

"Mama Gentille, umeshinda. Tuchukue ya mupya."

Mama hakumucheka. Alienda kucheka mu jikoni, na tulimusikia.

Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu. Kisha misa, Papa na Mama balienda kwa Sista Patricia kumuambia gari itafika kisha wiki tatu. Papa aliniachia telefone yake, ju kuandika message kwake ni kazi ya nusu siku. Alisema Kasereka ataulizia, na nimujibu: ile ya occasion hatutaki tena, tunachukua ya mupya.

Rahisi. Hata mutoto ya maternelle angefanya.

Saa saba message iliingia. Haikutoka kwa Kasereka, ilitoka kwa Floribert. Nakumbuka kila neno:

"Bonjour. Kuna mutu ya Mambasa anatafuta gari ya courant. Hamutaki tena ile ya occasion?"

Nilianza kujibu. Niliandika "Bonjour Ya Floribert", nikaona kumuita kaka ni sawa tunajuana sana, nikafuta. Niliandika "Bonjour Monsieur", nikaona ni sawa namuchekelea ju ya Bulaya, nikafuta. "Tonton" ilikuwa mubaya kupita yote. Nusu saa ikapita.

Kisha niliangalia swali yake tena na niliona alishanifanyia kazi yote. Hamutaki tena? Jibu ilikuwa ndani. Niliandika:

"Ndiyo."

Nilituma. Yeye alirudisha picha ya kidole gumba ya juu. Nilisikia utamu mu mwili muzima. Neno moja, na hakuna mutu alisikia sauti yangu. Ile ya mupya sikuitaja. Nilizania inajieleza yenyewe.

Sasa hapa njo ile kipande padiri hakusikia.

Saa nane telefone ililia. Ilikuwa yeye, Floribert. Niliiangalia mpaka inyamaze. Ililia tena. Mara ya tatu, niliichukua na niliificha chini ya muto, na niliikalia.

Ilikuwa inatetemeka chini yangu, na miye nilikuwa najifanya nasoma histoire.

Saa kumi, Papa na Mama bamesharudi, tulisikia klaksoni ku lupango. Tulitoka. Ile gari ya majivu ilikuwa mbele ya nyumba, ribo ya kitambaa nyekundu ku kioo ya rétroviseur, imeoshwa mpaka inangaa. Floribert alishuka na viatu yake nyeupe, alimupatia Papa clé na mikono mbili, na alisema félicitations, hongera.

Papa aliangalia clé. Aliangalia Mama. Mama aliangalia ribo.

"Hii ni ya nani?" Papa aliuliza.

"Ni yenu. Avansi niliiweka juu yake leo."

"Nani aliwaambia tunachukua hii?"

Floribert alitosha telefone yake na alimuonyesha. Papa alisoma, midomo inatembea. Alisoma tena. Kisha alicheka, ju aliona ni kitu ya kidogo.

"Si mutoto alikujibu muzuri? Uliuliza hamutaki tena. Akasema ndiyo. Hatutaki."

"Lakini Papa, ndiyo ni oui. Kama hamutaki, angesema hapana."

Mama alichukua telefone na alisoma yeye mwenyewe.

"Akisema hapana," Papa alisema polepole, "ingekuwa: hapana, tungali tunaitaka."

"Non, Papa. Hapana ni hamuitaki."

Mama Tina alikuwa ameshaingia kwetu bila kubisha, na nyuma yake nusu ya avenue. Alisema tusipoteze wakati, kitu ni ya kujaribu. Alimuita binti yake mudogo.

"Alliance, haujakula?"

"Ndiyo, Mama."

"Munaona," Mama Tina alisema. "Njaa iko inamuua."

"Lakini amesema ndiyo," Floribert alisema.

"Ju hajakula."

Batu balianza kujiuliza bao kwa bao. Haukulala? Ndiyo, sikulala. Hauna kazi? Ndiyo, sina, unataka kunipatia? Floribert alikuwa anageuka huku na huku sawa mutu mwenye balimuhamishia nyumba angali mu safari. Mu mwisho alimukaribia Mama, na heshima yote.

"Mama, haukasiriki?"

"Ndiyo," Mama alisema.

Floribert alirudi hatua mbili nyuma, na hapo kicheko ilipasua lupango.

Papa Kasereka, balimupigia telefone, alicheka mpaka akakohoa. Alisema Bulaya balimurudishia mutoto ya dada yake na ndiyo yake imegeuka, na kama angemujua hivyo hangemuachia biashara. Lakini kisha kucheka alisema ile yenye haikuchekesha mutu. Ile mutu ya Mambasa alikuja mu depot. Floribert alimuambia occasion imeuzika. Basi alichukua nafasi ya camion, ile ya gari ya mupya, na alilipa yote, na alishaenda. Camion ingine ni kisha miezi mbili.

Miezi mbili. Sista alisema mwisho ya mwezi.

Kicheko ilizimika. Papa alikuwa amesimama na ile clé mu mukono, hafungi mukono, hafungui.

"Weye," alimuambia Floribert, "kitu ya nguvu hivyo, haungepiga hata telefone?"

"Nilipiga, Papa. Mara tatu."

"Hakuna telefone ilinilia."

Floribert alirudisha telefone yake mu mufuko. Batu balimuangalia na macho mubaya. Hata kama hakuharibu kitu, alikuwa na viatu nyeupe, na alikuwa peke yake. Nilijua nikinyamaza, hii mambo itabakia juu ya kichwa yake. Ingekuwa rahisi. Kunyamaza njo kitu najua kufanya kupita batu yote.

"Alipiga," nilisema.

Haikusikilika. Nilipashwa kurudilia.

"Papa, alipiga. Niliikalia."

"Uliikalia?"

"Niliiweka chini ya muto na nilikaa juu. Niliona haya."

Sijui Papa angenifanyia nini. Hatutajua, ju ku ile dakika telefone yake ililia, mu mukono yangu, ju nilikuwa ningali naishika. Ku kioo ilikuwa: Sista Patricia.

Nilimunyooshea Papa. Hakuichukua.

"Jibu weye," alisema. "Na usimame wima, batu bakusikie."

Niliinua kichwa. Sista alikuwa anasema mbio. Kuko mama moja ku posti ya afya ya njia ya ziwa, kilomètres kumi na nane, mimba ya kwanza, uchungu imeanza tangu asubui na mutoto amekaa vibaya. Pikipiki haiwezi kumubeba. Aliuliza kama Papa iko na rafiki mwenye gari ya kuazimisha, ju ya kwake, anajua, ni kisha wiki tatu.

Niliangalia Papa. Niliangalia gari ya majivu na ribo yake. Batu yote balikuwa bananiangalia.

"Sista, gari iko hapa kwetu," nilisema. "Ya Papa. Tunakuja."

Nilikata. Papa alifungua kinywa.

"Barre ngapi?" aliuliza.

Floribert aliangalia chini. Ilikuwa imejaa nane, alisema, lakini alizunguka mugini mara mbili kuonyesha ribo. Inabakia sita.

Papa alivaa kofia. Alifungua mulango ya mbele, na si ya kwake.

"Ingia, Gentille. Kinywa yako imetupeleka, itatuhesabia barre."

Tulienda. Njia ya ziwa inapanda na kushuka. Ku mupando ya kwanza tulikuwa tano. Papa hakuuliza kitu ya telefone chini ya muto, aliuliza barre tu, na miye nilikuwa nataja. Kisha tulianza kushuka bonde ya murefu, Papa ametosha muguu ku pedale, na niliona kitu yenye sikuamini.

"Papa, sita."

"Hesabu muzuri."

"Ni sita. Imerudi."

Kumbe ile gari, ukishuka, inakula muteremuko na inajirudishia courant. Floribert hakutuambia, ama alituambia na hatukumusikia ju ya kicheko. Papa alipiga usukani na mukono.

"Nilisema nini? Mujane anajua kupika."

Ku posti tulikuta mama mwenyewe, jina yake Sylvie, mudogo, miaka kama makumi mbili, ameshika muti ya mulango. Pembeni yake mama mukwe, na mufuko ya mihogo yenye kumufikia kifua. Tuliwapakia wote. Mufuko iliingia nyuma na gari ilishuka kidogo sawa mutu anakaa.

"Mbona hauwashi?" mama mukwe aliuliza, na tulikuwa tunaenda tayari.

Kurudi ilikuwa ya kupanda karibu yote. Tano. Nne. Papa alizima hewa. Sylvie alikuwa anafinya bega yangu kila dakika chache na kucha zake, na kati ya uchungu na uchungu alikuwa anachekesha.

"Papa shofere, hapana kuogopa. Miye nitalia, gari inyamaze. Tumegawanya kazi."

Tatu. Papa, na heshima yote, aliuliza mama mukwe kama mufuko ya mihogo haingeweza kungojea ku nyumba moja ya njia. Mama mukwe alisema ile mihogo ni ya kupikia bageni ba mutoto, na mufuko ikishuka, yeye pia anashuka. Papa alihesabu, naona, ni nani iko muzito. Mufuko ilibakia.

Mbili. Moja. Tulikuwa tunaona mapaa ya Bunia. Kisha ile ya mwisho ilianza kuwaka na kuzima, na ku kioo kulitokea picha ya kinyama.

"Hiyo ni nini?" Papa aliuliza.

"Ni kobe, Papa."

"Kobe ya nini?"

"Nazani ni ya kutuambia twende pole."

Na kweli gari ilianza kwenda sawa kobe. Papa alifinya pedale mpaka chini, hakuna kitu. Pikipiki zilitupita, mbuzi moja ilitupita. Ku mupando mudogo ya maternité, mama mukwe alishuka bila kuombwa, alifunga kitenge yake ya misa, na aliweka mabega nyuma ya gari. Nilishuka pia. Tulisukuma siye wawili, yeye ananiambia nisukume sawa mutu mwenye alikula, mihogo ndani, Sylvie ndani anapiga kilio, Papa ku usukani anasema Salamu Maria. Tuliingia ku mulango kubwa bila sauti hata moja ya moteur, na sentinelle, mulinzi ya pale, aliamuka gari ikiwa imeshamufikia ku magoti.

Dakika makumi tatu kisha, mutoto alilia. Msichana. Mama mukwe alilia kupita yeye.

Papa alikuwa amekaa chini, ku pneu. Nilikaa pembeni yake. Sikujua nitaanzia wapi, na yeye hakunisaidia. Kisha alisema, bila kuniangalia:

"Siku ingine, ikikulilia, uiweke mezani. Chini ya muto inapata joto."

Ilikuwa yote.

Sista Patricia alitoka akipanguza mikono. Alizunguka ile gari, aligusa ribo, alichungulia ndani. Alisema mama Sylvie amemuambia hajapandaka kitu ya kutulia hivyo. Alisema yeye alizania wiki tatu, na tazama, leo leo. Alisema hawezi kutafuta mutu mwingine tena, kazi ni ya Isidore, na alimupatia Papa mukono.

Papa alisimama kuipokea. Sikuwahi kumuona murefu hivyo.

"Sasa uicharger hapa usiku," Sista alisema. "Kesho unashuka Kasenyi. Kuko bamama batatu banangojea."

Kasenyi. Kule ku ziwa, chini kabisa. Bunia nzima inajua ile mupando ya kurudi, ma-camion ya samaki inaipanda sawa batu ba maziko. Na ni kupita mara mbili ya njia yenye imetuua leo. Nilihesabu haraka na vidole nyuma ya mugongo: kushuka, sawa. Kupanda na bamama batatu, barre nane haziwezi. Hata kumi haziwezi.

Nilifungua kinywa kumuambia Sista. Safari hii sauti ilikuwa tayari kabisa.

Papa aliniwekea mukono ku bega, alivua kofia, na alitabasamu sawa mutu mwenye gari yake mwenyewe.

"Kesho saa ngapi, Sista?"